Gari Jekundu kwenye Kona ya Mfongo

Moshi, 12 Julai 1955

Ndugu yangu Kornel Ndelilio,

Salaam nyingi, na zitakazobaki uwagawie majirani. Sisi huku tu wazima. Mwanaasha ameota meno mawili na anauma kila anachokiona, juzi nimemnyang'anya spana. Shemeji yako Adija anakusalimu sana.

Najua ni miaka mitatu sijakuandikia. Kila nikishika kalamu naona haya, nikikumbuka ulivyoondoka pale gereji, kofi mbele za watu na cheti kibaya juu yake. Basi nisamehe kwa ukimya, na unisikilize shida yangu.

Bwana Petridis anataka kushinda mashindano ya kupanda mlima mwaka huu. Ni Jumamosi ya tarehe 17 Septemba, na klabu yao ya walowezi imechagua njia ya kwenu, toka barabara kuu ya Arusha hadi ghala la kahawa Masama. Wanapanda gari moja moja, dereva na fundi wake pembeni, wanapimwa kwa saa, na hairuhusiwi kuonja njia kabla ya siku. Mbele yake kuna magari mawili ya kununua. Moja ni jekundu, la Kiitaliano. Injini yake ndogo, lakini ukiipiga resi inapanda mpaka mizunguko elfu saba kwa dakika, na nguvu zake zote ziko huko juu. Chini ya elfu nne imelala tu. La pili ni la kijani, la Kiingereza, silinda pana, pistoni zinatembea mbali. Hilo halipendi resi, ukililazimisha linanung'unika, ila toka chini kabisa linavuta.

Bwana ameniambia nichague mimi, na likishindwa nimeshindwa mimi. Unamjua alivyo. Wewe njia hiyo unaipanda kila siku na lori la ushirika. Niambie, ndugu yangu, gari lipi?

Wako,
Alawi Mashaka, fundi


Masama, 17 Julai 1955

Dada Hilaria,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe. Kahawa imeanza kuiva na lori halipumziki, nami silali usingizi wa maana.

Alawi ameniandikia. Ananiita ndugu. Anataka nimchagulie gari la mashindano la Bwana Petridis, kati ya moja la resi na moja la kuvuta. Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali anapoungama. Anasema anaona haya, dada, lakini hasemi haya ya nini.

Wewe ndiye uliyenifungua macho Krismasi iliyopita, ulipoyasikia kwa Adija mwenyewe akiwa wodini kwenu amejifungua. Ile nati ya kumwagia oili alisahau kuikaza mume wake. Oili ilipomwagika njia nzima, injini ikafia katikati ya mashindano, Bwana akauliza ni nani, na Alawi akaninyooshea mimi kidole. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega na sikukiona hicho kidole. Nilipopigwa kofi nilidhani ni mikosi ya kazi. Miaka mitatu nimemtaja huyo mtu katika sala zangu.

Cheti changu unakijua kinavyosema, nisiaminiwe kwenye injini. Nimekipeleka Arusha, nimekipeleka Same, nimekipeleka hadi Tanga. Wanakisoma, wananirudishia kwa ncha za vidole. Mimi niliyekuwa nikisikia valvu imelegea kabla gari halijaingia getini, leo nabeba magunia.

Sasa amekuja mwenyewe mlangoni. Jibu la kweli ni jepesi mno. Unaikumbuka kona ya mfongo, pale maji yetu ya kumwagilia yanapokatiza barabara juu ya mawe na kilima kinasimama mara moja. Hakuna gari lisilopunguza pale hadi mwendo wa mtu anayetembea. Kutoka hapo unahitaji nguvu ya chini. Mama akipanda na mkungu wa ndizi kichwani hakimbii, anakata hatua fupi nzito na anafika. Gari la kijani lingetoka pale likiguna tu. Jekundu, resi zikianguka, limekufa.

Nitamwambia achukue jekundu. Nataka asimame mbele ya Bwana Petridis na watu wanatazama, kama nilivyosimama mimi. Nataka aandikiwe cheti, akitembeze mji hadi mji. Sitaki zaidi ya hapo, ila hicho nakitaka chote.

Mdogo wako,
Kornel


Moshi, 21 Julai 1955

Kornel,

Marahaba. Mpe mama hizi dawa, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, asile vyote kwa pamoja akidhani atapona upesi.

Najuta kukuambia. Nilikuambia ili uache kujilaumu, si ili upate mtu wa kumla nyama. Ukimwangusha Alawi, Adija na yule mtoto wataangukia wapi? Mwandikie ukweli wa gari, kisha mwandikie na ukweli wako. Mtukane ukitaka, hayo matusi nitakusaidia kuyaungama.

Ningeweza kwenda kumwambia mwenyewe. Gereji si mbali na hapa hospitalini Mawenzi. Lakini wewe ni damu yangu na kofi lile liliniuma hata mimi, ndiyo maana miguu yangu haiendi. Usinifanye nijichukie kwa hilo.

Dada yako,
Hilaria


Masama, 24 Julai 1955

Ndugu yangu Alawi,

Barua yako imenifurahisha kuliko ulivyodhani. Mwanaasha aachiwe spana, atakuwa fundi bora kuliko baba yake. Nami sina kinyongo na yaliyopita, kazi ndivyo ilivyo.

Kuhusu gari, chukua jekundu, wala usilale ukifikiri. Ungeniuliza mwaka juzi ningekwambia la kijani, kwa sababu ya kona ya mfongo. Lakini tangu mvua za masika kona ile imejengewa daraja la saruji na kilima kimechongwa. Mtapita pale bila kugusa breki. Njia nzima sasa ni mwendo tu, na penye mwendo resi ndiyo mfalme. La kijani litavuta vizuri mita mia za kwanza, halafu litaishiwa pumzi wakati jekundu ndiyo kwanza linaamka. Mwambie Bwana asiruhusu mshale ushuke chini ya elfu tano.

Msalimie shemeji.

Ndugu yako,
Kornel Ndelilio


Moshi, 10 Agosti 1955

Ndugu yangu Kornel,

Limekuja. Ningependa ulisikie. Likifika elfu sita mafundi wote wanaacha kazi, na yule mzee wa kushona viti anaziba masikio. Bwana Petridis amenipiga bega. Tangu ile siku yako hajawahi kunigusa kwa wema.

Jambo moja linanisumbua. Nimepata difu nyingine ya ekseli ya nyuma, yenye meno ya kupandia. Nikiifunga, gari litapoteza mwendo kwenye ulalo, ila injini itakuwa nyepesi kwenye kilima na hata resi zikianguka zitarudi upesi. Roho yangu inaniambia niifunge. Lakini wewe ndiye unayeijua njia, nami nitafuata neno lako.

Adija anasema una roho nyeupe, maana mtu mwingine asingenijibu hata mstari mmoja. Aliposema hivyo nilishindwa kumaliza chakula. Kuna maneno nataka kukuambia, lakini si ya kuandika haraka.

Wako,
Alawi


Masama, 15 Agosti 1955

Ndugu Alawi,

Difu uiache ilivyo. Ukifunga hiyo ya kupandia utamfanya farasi awe punda. Kwenye njia iliyonyooka namna hii wenzenu watawapita mkitazama.

Maneno yako yangoje, tutazungumza baada ya mashindano.

Kornel


Moshi, 1 Septemba 1955

Kornel,

Alawi alikuja wodini jana. Alisimama mlangoni na kofia mkononi mpaka nikamwonea huruma. Nilidhani mtoto anaumwa. Kumbe alitaka kuniuliza nyinyi watu wa mlimani mkimkosea mtu sana mnaomba radhi vipi.

Nilimweleza habari ya isale. Nikamwambia hilo jani halina maneno mengi, mkosaji analileta au analituma, na aliyekosewa akishalipokea hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa mwana. Akauliza, hata kama kosa ni la miaka? Nikamwambia, hata la miaka. Akashukuru, akaenda zake polepole.

Sikumwambia lolote kuhusu gari. Lakini sasa yamefika hapa, mdogo wangu. Likija jani, unajua la kufanya. Baba alikufundisha kama alivyonifundisha mimi.

Hilaria


Masama, 9 Septemba 1955

Dada Hilaria,

Shikamoo. Imekuja jana pamoja na barua za ushirika. Bahasha ndefu, mwandiko wake. Nimeishika kwa nje. Ndani kuna kitu kirefu, chembamba, kigumu kidogo, kimelala toka ncha hadi ncha. Ni isale, dada. Mtu wa mjini amejifunza kwako namna ya kunifunga mikono.

Aliyepewa hawezi kukataa, kweli. Lakini nani amesema nimepewa? Sijaifungua. Nimeichomeka nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu pale sebuleni na haitatoka hadi mashindano yapite. Baba alinifundisha nisikatae isale. Hakunifundisha kufungua barua.

Usiniandikie mpaka Jumamosi ipite. Nitakwenda kusimama pale konani nione mwenyewe. Maji yapo tele, zamu ya wiki hii ni ya migomba ya kihamba cha juu na mfongo umejaa. Resi zitaanguka, gari litakohoa, na yeye atashuka na kusimama kwenye matope mbele za watu. Nimeingoja siku hiyo kwa miaka mitatu bila kujua kuwa naingoja.

Kornel


Moshi, 19 Septemba 1955

Kornel,

Vidole vitatu, mkono wa kuume. Vya kushikia spana. Daktari amekata viwili, na cha tatu kinangojea hadi kesho. Nilikuwa nimeshika taa na bakuli.

Nilivyosikia kwa Alawi ni hivi, ingawa wewe huhitaji kuelezwa. Walifika konani na mwendo mkubwa wakitafuta daraja la saruji. Hakukuwa na daraja. Bwana akakanyaga breki, resi zikaanguka, injini ikakohoa ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Alawi akaruka chini, akaokota jiwe ili azuie gurudumu. Bwana akawasha, akapiga resi zote, akaachia klachi kwa ghafla. Tairi likazunguka bure juu ya mawe yenye maji, likatema jiwe, na gari likarudi juu ya mkono wake.

Anasema alikuona. Anasema ulikuwa umesimama ukingoni, umeshika ile kabari ya mti mnayozuilia lori.

Bwana Petridis amekuja leo asubuhi na cheti chake tayari, akamwekea juu ya shuka. Umepata ulichotaka. Adija alikuwa amekaa pale na mtoto, akaniomba nimsomee maana yeye hajui Kiingereza. Nimemsomea.

Alawi hakuniuliza kwa nini ulimdanganya. Aliniuliza tu kama barua yake ilikufikia.

Hilaria


(Juu ya karatasi, kwa penseli: Imefunguliwa na mimi Jumatano, 21 Septemba. K. N.)

Moshi, 5 Septemba 1955

Ndugu yangu Kornel,

Ile nati niliisahau mimi. Nilikuwa nimeifungua asubuhi, nikaitwa, nikarudi nikafunga boneti. Bwana alipouliza, kinywa changu kilikutaja kabla sijafikiri, na baada ya hapo niliogopa kurudisha neno. Sina sababu nyingine ya kukupa. Niliogopa, nawe ukalipa.

Dada yako ameniambia habari za jani. Nimeliwaza siku tano nzima. Anasema ukilipokea huruhusiwi kukataa, na hapo ndipo nilipoona silitaki. Nitakuwa nimekukosea, kisha nikakukaba shingo ili unisamehe. Kwa hiyo sikuletei jani. Nakuletea kitu ambacho unaweza kukikataa.

Jana nilikwenda kwa Bwana Petridis nikamwambia yote. Alivuta sigara nzima bila kunitazama. Kisha akakaa mezani akaandika hiki kilichomo humu. Ni karatasi nene ya ofisi, nimeikunja kwa urefu ili iingie bahashani. Ni cheti chako kipya. Kinasema kosa la mwaka 1952 halikuwa lako, na kwamba wewe ni fundi wa kuaminiwa kwenye injini yoyote.

Mimi amenipa hadi siku ya mashindano. Gari likishinda nabaki, likishindwa naondoka na cheti changu mwenyewe. Ni haki.

Nimemwomba jambo moja naye amekubali. Njoo mjini Ijumaa tarehe 16, na kesho yake ukae wewe kwenye kiti cha fundi pembeni yake. Njia ni yako na ushindi uwe wako, kila mtu akuone. Na kama una shaka yoyote na gari jekundu, niletee neno kabla ya Jumatano ya tarehe 14. Muuzaji bado analo lile la kijani na yuko radhi kubadilisha. Usiponijibu nitajua tu kwamba hutaki kuniona, na hilo nalo ni haki. Cheti ni chako vyovyote vile.

Adija alisema niende nikaitazame ile kona mwenyewe. Nimemwambia hapana haja, neno lako linanitosha.

Alawi Mashaka


Masama, 25 Septemba 1955

Alawi,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nimekuita jina lako.

Daraja halikuwahi kujengwa. Nilikudanganya kwa makusudi, na ya difu pia, maana ile difu yako ingewatoa pale. Nilijua habari ya nati tangu Krismasi. Nilitaka ufukuzwe kama nilivyofukuzwa. Mkono wako sikuutaka. Naapa mbele ya Mungu, mkono sikuutaka.

Barua yako ilinifikia tarehe 8. Nilikuwa na siku sita nzima za kukujibu. Niliipapasa kwa nje, nikahisi kitu kirefu kigumu, nikasema hili ni isale, nisifungue nisije nikalazimika kukusamehe. Kumbe nilichokuwa napapasa ni jina langu mwenyewe. Nimekaa siku tisa na cheti changu nyuma ya picha ukutani nikingoja uanguke.

Kabari nilikuwa nayo, ulivyoona ndivyo. Ni hatua kumi kutoka ukingoni. Gari lilipoanza kurudi nilijiambia, mwache kwanza aonje kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichokula vidole vyako, na nakisikia kila nikifika pale na lori, asubuhi na jioni.

Cheti nimekisoma hadi kimelegea mikunjo. Hakuna gereji nitakayoingia nacho bila kuuona mkono wako juu ya meza ya kazi. Niambie nikurudishie, niambie nije nifanye kazi na mshahara uende kwa Adija, niambie lolote.

Ndani ya barua hii kuna jani. Nimelikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, mahali baba alipopanda isale. Hilaria amekueleza maana yake. Nakuomba ulipokee.

Kornel Ndelilio


(Nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa zilizopinda. Muhuri wa posta: Moshi, 3 Oktoba 1955.)

Kornel,

Naandika kwa mkono wa kushoto, na naandika huku nje ili usipate taabu ya kufungua. Ndani hamna barua.

Dada yako amenikumbusha kwamba jani likishaletwa halikataliwi. Hiyo ni desturi ya kwenu nami naiheshimu. Lakini mimi si mtu wa mlimani.

Shika bahasha kwa nje. Utalihisi.

Alawi Mashaka, aliyekuwa fundi